Chokaa ya Idi

Nyumba yetu ya Majengo ilijengwa kwa fito na udongo kabla mama hajazaliwa. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya themanini, ukuta wake wa nyuma ulikuwa umefura kama shavu lenye jino bovu. Kitanda cha nyanya kilipakana nao. Hakuwa akitembea tena, na chumba hicho alikataa kukihama kwa kuwa ndimo alimofia babu.

Fundi, mzee jirani yetu, aliuwekea gadi mbili, yaani magogo ya mkaratusi yaliyouegemea kwa nje, na chini ya kila gogo akapigilia kabari. "Gadi haisukumi ukuta," aliniambia. "Inaupokea tu." Kisha mle ndani akapaka kanda tatu nyembamba za plasta, zikikatiza ufa. Ukanda ukipasuka, ukuta umesogea, na kabari ipigwe tena. Yeye alizitazama kila Ijumaa baada ya sala. Siku nyingine zilikuwa zamu yangu.

Nyanya hakuzihitaji. Aliweka kiganja ukutani na kusema, "Leo unapumua taratibu." Nilimcheka. Siku moja nikaweka changu, nikakiondoa upesi.

Mfungo ulipokaribia kwisha, nyumba zote za mtaa zilipakwa chokaa, nami nikaanza na chumba cha nyanya. Nilipaka mara mbili, nzito, mpaka ufa ukapotea. Kanda sikuzikumbuka hata kidogo.

Asubuhi ya Idi fundi alikuja kutusalimu, kanzu ikinukia udi. Alikwama mlangoni, macho ukutani.

"Nani ameuziba mdomo?"

"Muulize huyo," nyanya alisema, akinielekezea kidevu. "Mie tangu juzi nasema haupumui, naambiwa nazeeka."

Fundi aliokota kijiko kwenye sahani ya tambi, akakwangua. Ukanda wa kati ulikuwa vipande viwili, na chokaa yangu imejaa katikati. Ulikuwa umepasuka kabla sijapaka. Niliupitishia brashi bila kuutazama.

"Mtoeni," alisema kwa sauti ndogo, kama asiyetaka ukuta usikie.

Tulimbeba na godoro lake. "Jamani, jeneza siku ya Idi!" nyanya alilalama. Hakuna aliyecheka. Tulikuwa kizingitini bonge la udongo lilipoanguka kitandani, pale kilipokuwa kichwa chake. Vumbi jeupe likainuka, likasimama hewani kwa kimo cha mtu.

Fundi alikimbia nje, akapiga kabari. Ukuta uliguna mara moja, ukanyamaza.

Nyanya akahamia chumba cha mbele. Kila asubuhi nilipomwamkia shikamoo, hakuitikia kwanza. Aliuliza, "Ukuta umeamkaje?" Nami niliingia mle chumbani, nikatazama kanda mpya mmoja mmoja, kisha nikaweka kiganja.

"Salama, nyanya."

"Marahaba."

Sikumwambia kwamba palikuwa na joto, usawa wa pale ulipokuwa mto wake.