Rangi ya Maji ya Kunde

Nyumba yangu hapa Boko leo inang'aa kuliko zote mtaani, na nimeipaka mwenyewe.

Haya, uongo. Kapaka mwanangu Hamisi. Mie niko nje nakohoa.

Nilimwambia, "Mama yako ana pumu. Nunua rangi ya maji, haina harufu kali."

Kaja na rangi ya mafuta.

"Si ulisema maji, mzee? Hii ni maji ya kunde."

Na huyu nimemsomesha hadi chuo. Chekeni tu, majirani.

Enzi za Ujamaa tulipaka chokaa, tukalala humo humo. Leo mke wangu kabanwa kifua, kakimbilia kwa dada yake Kimara.

Nawe jirani Baba Neema, ile feni uliyoazima tangu Krismasi nirudishie leo. Nataka kutoa harufu, mke wangu arudi.