Kienge cha Getruda

Limbu alimpiga Getruda kwa kiti cha chuma mlangoni mwa wodi ya wazazi, akamvunja meno mawili. Mkewe, Zabibu, alikuwa ametoka kufariki kwa kuvuja damu baada ya kujifungua, na Getruda, nesi aliyemhudumia na kuja kumpa habari, ndiye aliyeadhibiwa. Wakubwa wakampa Getruda wiki mbili za mapumziko. Akaenda kupumzikia anakokujua mwenyewe: porini nje ya Itetemia, chini ya mizinga ya nyuki ya marehemu baba yake. Wapo walioita huo uvivu. Waje washike zamu yake wiki moja tu, halafu tuongee.

Kila siku alikaa chini ya mninga akisikiliza nyuki, kienge cha magome, mwenge wa kutuliza nyuki, kikifuka moshi pembeni, kama baba alivyomfundisha. Usingizi ukaanza kurudi. Lakini mfukoni alikuwa na barua ya kuacha kazi, ya kupeleka Jumatatu.

Jumamosi mchana Limbu, ambaye hakuna aliyemshtaki, akaufuata moshi mpaka pale, panga mkononi.

"Leo unamfuata Zabibu!"

Getruda alikwepa. Panga likakata kamba iliyofungwa kwenye shina, mzinga ukaporomoka na kupasuka. Nyuki wakamvaa Limbu kichwa kizima. Akapiga mayowe, akaanguka juu ya panga lake, likamchana paja.

Getruda alikuwa amesimama ndani ya moshi wake, anatazama. Sitampamba: alifurahi. "Kufa!" akamwambia.

Kisha akaona damu inavyoruka, na mikono ikatangulia, moyo ukiwa bado unakataa. Akamrukia, nyuki wakamchoma shingo na kope. Kienge kilikuwa kinazimika. Akaitoa barua, akaichomeka kwenye makaa, akapuliza mpaka magome yakashika tena na moshi mzito ukawafunika wote wawili. Akavua kitenge, akakifunga kwenye paja lile, akalikandamiza kwa nguvu zake zote.

Uso wa Limbu ulikuwa umevimba, macho hayaonekani.

"Nesi," alisema, "na Zabibu ulimkandamiza hivi?"

"Hivi hivi, kaka. Kwa mikono yote miwili, mpaka ikafa ganzi. Na mimi nilimtaka apone."

Limbu akalia kwa sauti. Akapapasa mpaka akaupata mkono wa Getruda, akaweka wake juu, wakakandamiza pamoja.

Jumatatu Getruda aliingia zamu ya asubuhi, jicho moja limefumba. Barua nyingine hakuandika.