Milioni Ishirini na Tano, na Kinachobaki

Siku yangu ya kwanza ya kufundisha hesabu Goma, prefe, yaani mkuu wa shule yetu ya sekondari, alinipa chaki na onyo. "Madame, hapa mutoto asipofanya preuve par neuf, hesabu yake haiyaisha." Alikuwa mzee mkali, havui koti hata jua liwake vipi, nami nilimpenda tangu siku ile.

Preuve par neuf ni kuhakiki kwa tisa. Jumlisha tarakimu za namba, jumla igawanye kwa tisa: salio lake ndilo salio la namba nzima, hata iwe ndefu kama barabara ya Rutshuru. Sababu ni kwamba kumi ni tisa na moja, mia ni tisini na tisa na moja, na kuendelea hadi mamilioni. Kwa hiyo mbili, popote ilipokaa, huacha mbili. Sifuri haiachi kitu.

Vita vilipowamwaga watu kutoka kaskazini, tulifundisha hata chini ya hema kule Munigi, juu ya mawe meusi yanayotoboa viatu. Ndipo akaja shuleni kwetu mjini Solange, msichana wa Kalengera, huko kaskazini, na mama yake. Alikuwa darasa la nne la sekondari, lakini bulletin, ile karatasi ya alama, ilipotea njiani. Bila hiyo, prefe alitaka kumrudisha la kwanza. Mama naye alishasema kwamba akirudishwa, basi, shule imekwisha, wataenda kuuza ndizi sokoni Birere.

"Umupime kwanza, Prefe," nikamsihi.

Msichana aliogopa Kifaransa, hivyo prefe akamhurumia, akamuuliza kwa Kiswahili. "Andika milioni makumi mbili na tano. Ugawanye na tisa. Kunabakia nini?"

"Saba," akajibu Solange, chaki bado iko ubaoni.

Lakini alikuwa ameandika 20 000 005. Prefe alitaka 25 000 000.

"Unaona, Madame? Hajue hata kuandika milioni!"

Hasira zikanipanda. "Prefe, ni Kiswahili yako ndiyo imesema zote mbili!"

Prefe akachukua chaki, akaandika namba yake chini ya ile ya Solange, akaanza kunong'ona. Mbili na tano, saba. Chini, mbili na tano, saba. Halafu mzee wangu akacheka mpaka koti likatikisika.

"Tano imekimbia mbali hivi, na kinachobakia ni kile kile! Mutoto, ingia darasa ya ine."

Nilitaka kumkumbatia, ila prefe hakumbatiwi.

Sasa nimestaafu. Wajukuu wanakokotoa kwa simu, wananitania kwamba tisa yangu imezeeka kama mimi. Sawa tu. Nikiona namba ya gari barabarani, bado najikuta nikijumlisha, na moyo wangu unarudi kwenye lango la shule siku ile, mama Solange akingoja na kitenge chake kimelowa mvua. Njiani alikuwa amepoteza mume na wana wengine wote.

"Wamekuuliza nini?" akamuuliza bintiye.

"Mama, wameuliza kinachobakia."

Akamvuta kifuani, akamshika kichwa kwa mikono miwili.

"Ungewaambia ni weye."