Nilimtukana kaka yangu kwa mdomo wa muuguzi Mwingereza

Admin, naomba unifichie jina na shule. Nina miaka arobaini na mitatu, nina mke na watoto wanne, nafundisha Kiingereza katika sekondari moja hapa Kindu. Tangu ujana naandika daftari la kila siku, kwa hiyo haya si ya kukumbuka tu. Jana nimeyasoma tena kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Wakati wa vita nilikuwa mkalimani wa muuguzi mmoja Mwingereza, mama wa makamo, kwenye zahanati ndogo upande wa Lokandu. Neno lake lilikuwa "silly", ambalo kwenye kamusi ni mpumbavu, na kila nilipolisikia niliandika. Alijiita hivyo mwenyewe alipotafuta miwani iliyokuwa kichwani pake. Alimwita hivyo mbuzi aliyekula bendeji. Mimi aliniita hivyo siku nilipolia kwa kukumbuka nyumbani, huku ananimiminia chai. Chini yake niliandika: "Si tusi la kuumiza. Ni kama mama anavyomwambia mtoto, we naye!" Kwa hiyo nilielewa vizuri. Sina kisingizio cha lugha.

Asubuhi moja yaya, yaani kaka yangu mkubwa, alitoka msituni alikojificha na familia yake, amembeba mwanawe wa miaka miwili, mtoto aliyepewa jina langu. Homa ilikuwa imemmaliza. Alikufa juu ya meza kabla ya saa sita. Yaya akaanguka magotini, anajipiga kifua, anasema ni yeye aliyemuua: "Miye njo nimemuua! Miye njo nilichelewa!"

Yule muuguzi akamshika bega, machozi yanamtoka, akamwita "silly". Akaendelea kwa sauti ya chini: asijibebeshe mzigo huo, dawa ya malaria iliisha wiki iliyopita, hata yaya angefika mapema, yeye muuguzi asingekuwa na cha kumpa mtoto.

Yaya akanitazama. "Anasema nini?"

Nilikuwa na hasira. Nilikuwa nimemtumia ujumbe mara mbili atoke msituni, hakutoka. Nikamjibu, "Anasema uko mupumbavu."

Basi. Mengine niliyameza. Watu wote waliokuwa kwenye foleni walisikia. Muuguzi akatikisa kichwa kwa huruma, akidhani nimefikisha maneno yake. Tusi lilikuwa langu, mdomo ulikuwa wake.

Tangu siku ile yaya hajakanyaga hospitali yoyote. Sasa ana ugonjwa wa sukari na mguu wa kushoto umeoza mpaka kifundoni. Daktari aliyekuja kumwona nyumbani amesema aingie hospitali kabla ya Jumatatu wamkate mguu, la sivyo tutamzika. Shemeji, mke wake, ananililia: "Mwambie weye, anakusikiaka."

Nilikwenda. Yaya akacheka. "Eh, mwalimu! Unataka wanitukane tena kwa Kizungu? Weye njo shahidi yangu, ulisikia na masikio yako. Muntu aliyeua mutoto wake kwa upumbavu, mguu kwake ni kitu gani?"

"Yaya, ile ni zamani."

"Kwako njo zamani."

Halafu akaniomba nimsogezee mto, akanishukuru, akasema kati ya ndugu wote ni mimi peke yangu sijawahi kumsema vibaya. Nilitoka, nikaenda nyumbani kulitafuta lile daftari.

Wasomaji, nimechoka kufikiri. Nikimwambia ukweli, labda atakubali kwenda. Labda atanifukuza, na hatabaki na mtu hata mmoja anayeweza kumshawishi. Mama yetu bado yuko hai, naye ataniona kwa jicho gani? Na nikinyamaza, atakufa akiamini alimuua mwanawe, na mimi nitakuwa nimekaa kando ya kitanda namsogezea mto.

Leo ni Ijumaa. Nimeandika maneno yote ya yule muuguzi kwa Kiswahili kwenye karatasi moja, bila kupunguza. Nimsomee mwenyewe, au nimpe shemeji amsomee nikiwa mbali? Kama kuna aliyewahi kukiri kosa la namna hii kwa ndugu yake, aniambie alianza na sentensi gani. Nijibuni leo, tafadhali, msingoje Jumatatu.