Maandazi ya Ejo

Mwaka wa 1975 nilikuwa na miaka kumi na moja, na shida yangu ilianza na harufu ya mafuta ya mawese. Mama alikuwa amekufa Muyinga, baba akaoa tena, na yule mke mpya hakuwa mtu mbaya, ila nyumba ilikuwa ndogo na mimi ndiye niliyezidi. Nikapandishwa juu ya lori la mahindi, nikashushwa Gitega, mtaa wa Nyamugari, mlangoni kwa shangazi Mwajuma, dada yake baba, mkaanga maandazi. Kabla sijauona uso wake nilisikia harufu ya mafuta. Yalikuwa ukutani, kwenye blanketi, hata kwenye maji ya kunywa. Baada ya wiki moja yakawa kwenye nywele zangu, na watoto wa jirani wakawa wanajua ninakuja kabla sijakata kona. Shangazi hakunipiga hata siku moja. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wanapenda habari za shangazi mkali, na mimi sina ya kuwapa. Alikuwa mwanamke mkimya, asiye na mtoto, aliyeweza kuimaliza siku nzima kwa maneno machache: lete, geuza, ongeza kuni, lala. Alinilisha, akanivisha, na hakuwahi kuniuliza kitu. Ukikaa mwaka mzima huulizwi kitu, unaanza kujiona kama kiti cha humo ndani.

Shule niliiacha Muyinga katika mwaka wa tatu, na huo wa tatu sikuumaliza. Ndiyo elimu yangu yote, na sioni aibu. Tatizo langu lilikuwa lugha. Mimi nilizaliwa Tabora, baba alikokwenda kushona, na tuliporudi Muyinga nilikuwa na miaka minane. Tulikaa kwenye mtaa wa Waswahili, nikacheza na Waswahili, nikagombana kwa Kiswahili. Kirundi nilikisikia kama mvua juu ya bati, unajua inanyesha lakini huhesabu matone. Gitega ndiko nilikoanza kujifunza, na mwalimu wangu alikuwa beseni. Nilikaa nalo kando ya barabara inayoshuka sokoni, maandazi ya moto upande mmoja, na yaliyolala upande mwingine chini ya kitambaa. Hayo yaliyolala tulikuwa tunawauzia vibarua kwa bei ya chini. Kila mteja alikuwa analibonyeza andazi kwa kidole gumba, ananitazama, anauliza: "Y'ejo?" Nikiitikia kwa kichwa, anachukua au anasonya. Basi neno hilo likaingia kichwani mwangu hivyo hivyo, na ugumu wake. Ejo ni jana. Ejo ni kitu ambacho siku yake imepita. Hakuna aliyenifundisha zaidi ya hapo, kwa sababu nyumbani kwa shangazi yale maneno yetu machache yalikuwa ya Kiswahili.

Habari za mji tulizipata kwa mtu mmoja tuliyemwita Komini. Jina lake la kweli sikulijua. Alikuwa mrefu, kola ya shati imefungwa hadi juu, na mkononi alibeba bati lililokunjwa kama faneli, ambalo alilitumia kupaza sauti pale njia nne mara mbili kwa wiki. Yeye ndiye aliyetuletea kila kilichoamuliwa na baraza la komini, yaani serikali ya hapo mjini: mbuzi wafungwe, wasizurure mjini, kila nyumba ichimbe choo, Jumamosi watu wote na majembe barabarani. Akishamaliza amri, sauti yake inabadilika, anakohoa kidogo, na sasa zinakuja habari za mpira wa shule. Hapo hata wanaume waliokuwa wanakimbia choo na majembe walikuwa wanasogea. Aliwataja waliocheza, waliofungwa, na watakaokuja, yote kwa pumzi moja na kwa Kirundi cha haraka. Watoto walikuwa wanamfuata wakiwa na makopo matupu midomoni. Mimi nilibaki na beseni langu, nikisubiri neno moja tu kati ya hayo yote: Muyinga.

Nilikuwa na sababu. Kaka yangu Hamisi alibaki kwa baba. Alikuwa na miaka kumi na sita, mwaka wa sita wa shule, na beki wa timu yao. Miezi minne baada ya mimi kufika Gitega, alinitumia ujumbe kwa Mama Zaituni, mwanamke aliyekuwa anapeleka vitenge huku na huku kati ya miji hiyo miwili. Mama Zaituni aliinama kama anayechagua andazi, akasema polepole: "We Asha, kaka yako anasema hivi. Timu yao itakuja kucheza huku. Siku haijulikani, utaisikia kwa mtu wa bati. Uwe uwanjani na mzigo wako. Mwalimu amekubali, utapanda kamio, lori lao, pamoja nao. Baba yako mkishafika atafanya nini? Atakurudisha kwa miguu?" Akacheka, kisha akaminya midomo. "Shangazi yako asijue. Atasema nimemwibia mfanyakazi." Nilimpa andazi la moto bila kumdai. Kuanzia siku hiyo nguo zangu mbili zilikaa zimefungwa kwenye kipande cha kanga nyuma ya mtungi. Jioni nilikuwa nazigusa. Nilijua nitakachosema nikifika mlangoni kwa baba. Nilijua nitakapolala. Hamisi angenipa nusu ya mkeka wake, kama alivyofanya zamani, na angelalamika kwamba nanuka mafuta.

Wiki zikapita. Komini akataja shule za Ngozi, za Ruyigi, za hapa hapa mjini. Halafu siku moja shangazi akanituma Bugendana kuchukua maharage kwa mkulima tuliyekuwa tunabadilishana naye. Bugendana unakwenda kwa miguu, unapanda, unashuka, unapanda tena, na kwa mtoto mwenye mzigo si njia ya kwenda na kurudi siku moja. Nililala huko. Kesho yake nilirudi na kikapu kichwani, shingo imekaza, na nilipofika njia nne jua lilikuwa linaanza kulegea. Komini alikuwa amesimama mahali pake. Amri zilikuwa zimekwisha. Nikasikia "umupira", nikasikia "Muyinga", na mwishoni, wazi kabisa, "ejo". Watu wakapiga makofi.

Nilisimama pale na maharage kichwani. Walikuja jana. Walicheza jana, mimi nikiwa Bugendana nachambua maharage ya watu. Siwezi kueleza vizuri kilichonipata. Sikulia. Niliona tu kwamba barabara imekuwa ndefu, na kwamba kutoka njia nne hadi kwa shangazi kulikuwa na mwendo ambao asubuhi haukuwepo. Ungesema, kwa nini hukuuliza? Nimejiuliza mwenyewe miaka hamsini. Nani ningemuuliza? Shangazi alikuwa hatakiwi kujua. Mama Zaituni alikuwa Muyinga. Watu wa njia nne walikuwa wananijua kwa beseni, na ningewauliza kwa Kirundi gani? Tena nilikuwa na kiburi. Tangu mdogo nilikuwa nacho, na baadaye kilinijengea nyumba, lakini siku ile kilinifunga mdomo. Nilifika, nikaweka kikapu chini. Shangazi akatazama ndani ya kikapu, akasema, "Mazuri." Nikaenda nyuma ya mtungi, nikafungua ule mzigo, nikazitundika nguo zangu kwenye msumari.

Siku iliyofuata niliuza kama kawaida. Mchana, upande wa uwanja, zikaja kelele. Zilikuja kama moshi, zikapanda na kutulia, zikapanda tena. Kutoka nilipokaa hadi uwanjani ni mwendo wa mtu kula andazi moja na kumaliza. Mteja mmoja, kibarua wa matofali, alisimama akageuza shingo kuzisikiliza, akaniambia kitu huku anacheka. Sikuelewa, nikadhani anasifu maandazi. Nilifikiri ni shule za mji zinacheza zenyewe kwa zenyewe. Nikasukuma kitambaa vizuri juu ya maandazi, vumbi lisiingie. Jioni, kamio lenye watoto wengi wanaoimba lilipita barabara ya juu. Sikuliona, nilisikia wimbo tu, na ulikuwa wa Kiswahili. Hata hapo kichwa changu hakikufunguka.

Mama Zaituni alirudi baada ya wiki tatu. Safari hii hakuinama. Alisimama mbele ya beseni, mikono kiunoni, watu wote wanaona.

"We mtoto iko aje? Kaka yako amesimama pale uwanjani mpaka kamio inawaka. Mwalimu anasema tupande, yeye anasema bado dada. Wamempandisha kwa kumvuta shati! Huko njiani wenzake wanamwimbia, bibi harusi amekimbia."

"Walicheza jana yake," nikasema. "Nilikuwa Bugendana."

"Jana yake ya nani? Wamecheza Ijumaa. Ijumaa ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Hapa! Na mtu wa bati hukumsikia?"

"Nilimsikia Alhamisi. Alisema ejo."

Mama Zaituni akanitazama. Kisha nikaona kicheko kinapanda kutoka tumboni mwake, anakizuia, kinamshinda. "Ejo! Ee Mungu wangu, mtoto wa Tabora! Ejo ni jana, na ejo ni kesho pia. Unasikiliza kilichotangulia. Baje ejo, wamekuja jana. Bazoza ejo, watakuja kesho. Hata mbuzi wa Gitega wanajua!" Akawageukia wauza nyanya, akawasimulia kwa Kirundi, na soko lote la upande ule likacheka. Walicheka vizuri, bila ubaya. Mmoja akanipa nyanya mbili. Toka siku hiyo wakaniita Ejo, na jina hilo nililibeba mpaka nilipozaa mtoto wa kwanza. Alipotulia, Mama Zaituni akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, akasema kwa sauti nyingine, "Kaka yako amesema usitumiwe ujumbe tena. Amesema umeshapata mafuta huko, hutaki ugali wa kwenu." Nikamwambia amweleze. Akasema atamweleza. Kama alimweleza au hakumweleza, sijui, kwa sababu timu ya Muyinga ilikuja tena mwaka uliofuata bila Hamisi. Alikuwa amemaliza shule na kuvuka mpaka kwenda kutafuta kazi.

Nilibaki. Nikakijua Kirundi mpaka nikakikopesha. Shangazi alipochoka miguu, nikakaanga mimi. Alipokufa, nikamzika vizuri, na hapo ndipo jirani aliponiambia kwamba marehemu alikuwa anawaambia watu, "Asha ni wangu." Mimi hakuniambia. Niliolewa, nikafiwa, nikalea watoto wangu wanne kwa unga na mafuta, wote wakasoma kunizidi, wote wakaondoka Gitega. Wananipigia siku za sikukuu.

Hamisi nilimwona tena kwenye mazishi ya baba, Muyinga, sote tukiwa watu wazima. Alikuwa amerudi, ana duka la vipuri vya baiskeli. Tulikaa ugani kwenye mkeka mmoja, sahani ya pilau katikati, tukasukumiana nyama kama wageni. Nikamweleza yote, bati, maharage, ejo. Nilieleza vizuri, maana nilikuwa nimejizoeza miaka mingi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Dada, mtoto wa miaka kumi na moja asijue ejo? Acha. Mimi sina kinyongo. Sema tu ulipenda kubaki." Nikasema sikupenda. Akasema, "Bon, basi," akainuka kumpokea mgeni. Hivyo ndivyo tulivyoishi baada ya pale, kwa salamu za simu. Hali? Nzuri. Watoto? Wazima. Mvua huko? Ipo. Alifariki mwaka juzi akiwa na hakika kwamba mimi niliyachagua maandazi.

Leo nimo kwenye kamati ya mtaa, mimi wa mwaka wa tatu usiokwisha. Tunakutana, tunabishana juu ya mbuzi wanaozurura na ukuta wa uwanja, mambo yale yale, ila siku hizi matangazo yanakwenda kwenye simu na kila mtu anayasoma peke yake nyumbani kwake. Zamani ulikuwa unakosea neno mbele ya watu, wanakucheka, wanakupa nyanya. Sasa njia nne ni kimya. Shule za Muyinga zikija kucheza, mimi naenda, nakaa na watu wa Gitega, nashangilia Muyinga. Msimu huu kijana mmoja aliyekaa nyuma yangu aliniambia, "Bibi, we uko wa upande gani? Umekula mandazi ya Gitega miaka yote!" Nikamwambia nimeyakaanga, sikuyala. Wakacheka. Muyinga walifungwa. Vijana walipanda basi lao wakiimba, na mimi nilisubiri mpaka basi likakata kona.

Nina nyumba ya matofali ya kuchoma Nyamugari, vyumba vitano, kimoja ndicho kinachotumika. Nina tanuri la mikate na wanawake watatu wanaolifanyia kazi. Nina shamba la migomba Bugendana, kwenye njia ile ile. Nina cherehani ya baba, haishoni. Nina kiti changu kwenye kamati. Nina simu, na ndani yake namba ya Hamisi ambayo sijaifuta. Sasa ni ya mtu mwingine, muuza viatu wa Ngozi. Nimeipiga mara mbili. Ananiita mama, ananiambia kwa heshima kwamba nimekosea, kisha anasubiri mimi ndiye nikate.