Daraja Tulilolivuka Mara Tano

Mji wenyewe sitautaja. Sina ugomvi nao. Watu wake walinisalimia vizuri, na mvua yao inayosemwa sana haikuninyeshea hata siku moja. Uko Ubelgiji, una mto katikati, na juu ya mto kuna daraja la zamani la chuma ambalo magari hayapiti. Ni la waenda kwa miguu tu, na wageni hupelekwa kulitazama. Nililivuka mara tano, Jumanne moja ya mwezi wa saba, na tangu siku ile nikiona picha yake kwenye simu ya mtu nageuza uso.

Nilikuwa nimefika kutoka Kisangani wiki tatu kabla, kwa harusi ya binti wa mtoto wa mama yangu mdogo. Huyo mtoto wa mama mdogo ni mwanamume wa miaka hamsini sasa, lakini mimi ni mkubwa kwake na huniita yaya, kama kwetu tunavyomwita dada au kaka aliyetutangulia kuzaliwa. Harusi ilipita, tukacheza, tukala. Ila moyo wangu haukuwa harusini, kwa sababu nilikuwa nimetoka nyumbani bila radhi ya baba yangu.

Baba alikuwa fundi wa kushona kanzu, pale Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto. Miaka ile ya mwisho miguu ilikuwa imevimba na pumzi inamkatikia njiani kutoka kitandani hadi mlangoni. Nilipomwambia viza imetoka, aliugeukia ukuta siku mbili nzima. Siku ya tatu akaniita.

“Unaenda Poto kufanya nini?” Poto ndiyo Ulaya kwa watu wa kwetu. “Ukienda, hautanikuta.”

Mimi mdomo wangu una haraka kuliko akili. “Papa, kila mwaka unasema ivyo, na kila mwaka tunakula futari pamoja.”

Asubuhi ya safari niliinama nimshike mkono. Akaurudisha chini ya shuka. “Enda,” alisema. “Lakini radhi yangu haiko mu ile valizi yako.”

Nimekuwa mwalimu wa shule ya msingi miaka thelathini. Nimewafundisha watoto wa watu kwamba dunia ni mviringo na kwamba radi ni umeme. Lakini asubuhi ile, ndani ya mtumbwi wa kunivusha kwenda mjini, nilishika kingo zake kwa mikono miwili kama mtu asiyewahi kupanda chombo. Niliogopa. Aliyelelewa katika nyumba kama yetu anajua kusafiri bila radhi ya mzazi ni kusafiri vipi: kila kitu kinachokwaruza mguu unajiuliza kama ndiyo adhabu yenyewe.

Kutoka Ubelgiji nilipiga simu kila siku. Kaka yangu alipokea, na kila siku nilimwomba ampe baba simu. “Anasema iko analala,” kaka alijibu, na nyuma yake nilimsikia baba akikohoa, kikohozi cha mtu aliye macho kabisa. Siku nyingine simu haikupita, wakasema umeme hakuna, turbini ya pale Tshopo imekufa tena. Sikutaka mengi. Nilitaka neno moja kutoka kinywani mwake kabla hajafa. Nilihesabu siku za tiketi yangu na nikajiambia nitamwahi.

Jumanne ile niliamka nikakuta mke wa ndugu yangu huyo, niliyefikia kwake, anatwanga lituma. Nani anatwanga ndizi Jumanne asubuhi Ulaya, siku ya kazi, wakati majirani wa chini wakisikia kinu wanagonga dari kwa fagio? Alinijazia sahani, samaki juu, akasimama pembeni yangu mpaka nikamaliza. Kisha akachukua simu yangu mezani.

“Yaya, nitakuwekea ku chaji.”

“Imejaa,” nilisema.

“Itajaa zaidi.”

Nikacheka. Mume wake alitoka chumbani amevaa nguo za kutembea. Yeye ni dereva wa basi na hapewi mapumziko kirahisi, nikamuuliza kulikoni. “Bon, leo nakupeleka kuona pasarele, lile daraja lao,” alisema. “Umekaa hapa wiki tatu na haujaiona. Itakuwa aibu.”

Hatukufika pale mapema. Alinizungusha kwanza madukani, sokoni, kanisani, kila mahali penye benchi, na ilikuwa yapata saa tisa unusu tulipofika darajani tukitokea upande wa katikati ya mji. Ng'ambo ya pili ndiyo njia ya kurudi nyumbani kwake. Tulipanda ngazi za mawe zilizolika katikati kwa viatu vya watu wa zamani. Juu kuna mbao zinazoitika chini ya mguu, na pande zote mbili vyuma vilivyopigwa ribiti, rangi juu ya rangi, hata ribiti zenyewe zimekuwa laini. Ndugu yangu alinieleza kwamba lilivunjwa wakati wa vita wakalijenga tena vile vile. Wanafunzi walikuwa wamekaa kwenye mbao wakila, na wazee wawili wameegemea vyuma hawasemezani.

Nilifurahi. Siwezi kusema uongo, mara ya kwanza nilifurahi sana. Nilimtania kwamba watu hawa wana mto wa kuruka kwa miguu miwili na bado wamejenga daraja la kupunga upepo tu, na sisi wenye mto usioonekana mwisho tunavuka Lubunga kwa mtumbwi mpaka leo. Alicheka, lakini kwa meno ya mbele tu. Simu yake ikalia. Akasogea hatua tatu, akanipa mgongo.

“Bado,” nilimsikia. “Hapana, bado. Niko naye. Ndiyo, amekula.”

Tulipofika ng'ambo niliweka mguu kwenye ngazi ya kushuka. Akanishika kiwiko. “Yaya, turudi kidogo. Kuna maandishi haujasoma.” Tukarudi. Maandishi yalikuwa bamba dogo la shaba, alilolisoma polepole, neno kwa neno, yeye ambaye tangu utoto hakuwahi kumaliza ukurasa bila kupigwa. Hapo ndipo nilianza kumtazama yeye badala ya mto.

Mara ya tatu tulivuka kwa sababu ya chipsi. Alisema zile za ng'ambo ndizo nzuri. Tukazinunua kwenye karatasi, akanisukumia zote. Nilimwambia nimeshiba lituma ya mke wake. “Ukule tu, yaya,” alisema, na sauti yake ilikuwa ya kuomba. Nikala. Simu ikalia tena, akaitazama, akairudisha mfukoni. Nikauliza kama tunaweza kwenda nyumbani sasa. “Donc, tufanye tena safari moja,” alisema. “Jua iko nzuri.”

Kwetu, kifo hakisemwi kwa mtu aliye peke yake, wala hakitupwi kwenye simu kama habari ya soko. Anatafutwa kwanza mtu aliye karibu na mfiwa. Huyo anaulizwa: amekula? Kwa maana mwili mtupu hauwezi kubeba neno lile. Kisha mfiwa anatolewa nyumbani kwa sababu yoyote, azungushwe, ili nyumba nyuma yake ipangwe: viti vitolewe, mikeka itandikwe, ndugu wa miji mingine wafike. Anarudi akiwa hajui, anakuta watu wamekaa, na hapo ndipo anaambiwa, akiwa na mikono ya kumpokea kila upande. Simu yake inakuwa imeshachukuliwa.

Haya nayajua kwa sababu katika ukoo wetu kazi hiyo ni yangu. Ukihitaji mtu wa kupeleka habari ya msiba, anaitwa mwalimu. Nimewalisha watu wali ambao hawakujua kwa nini wanalishwa. Nimemtembeza shangazi yangu sokoni saa nne nzima akichagua sufuria.

Kwa hiyo safari ya nne nilitembea nikijua. Nilihesabu moja moja: kinu, simu, siku ya mapumziko, “amekula”. Sikumuuliza kitu. Mnadhani nilikuwa jasiri? Nilikuwa mwoga kabisa. Maadamu hajasema, baba yangu alikuwa bado amelala chini ya shuka lake Lubunga, akikohoa, akinikasirikia, na aliyekasirika anaweza kuridhika kesho. Nilimwonyesha ndugu yangu boti. Nilimuuliza jina la ndege mweupe aliyekaa juu ya taa. Nilitamani tulivuke daraja lile mpaka mwisho wa mwezi. Maji chini yalikuwa meusi na hayana hata gugu-maji moja linalopita kama mtoni kwetu, na nilikataa kuyatazama.

Kilichonivunja ni saa. Tulipogeuka kuanza safari ya tano nilisikia kengele ya kanisa, nikakumbuka kwamba sisi hatulazi maiti. Mtu akifa alfajiri anazikwa siku ile ile jua halijazama, na kabla ya kufunikwa walio hai humsogelea kumwomba msamaha. Kama baba alikuwa bado juu ya ardhi, wangeweza kuweka simu sikioni pake. Najua hasikii. Ningesema hivyo hivyo.

Nikasimama katikati ya daraja, nikashika chuma.

“Ni papa?”

“Yaya, tufike kwanza ku nyumba.”

“Nimekuuliza. Ni papa?”

Alitazama mbao. “Ni yeye.”

“Saa ngapi?”

“Asubuhi, nyuma ya swala ya alfajiri.”

“Wamemuzika?”

Alikuwa ametoa simu yake bila kutaka, na nikaona saa kwenye kioo: kumi na moja na robo. Kisangani pia, mwezi ule, ilikuwa kumi na moja na robo. “Wamemuzika nyuma ya alasiri,” alisema. “Sasa watu wametoka ku makaburi.”

Baada ya alasiri mimi nilikuwa nakula chipsi. Nilimpigia kelele. Nilimwambia wamenifanya mtoto mdogo, wamenilisha na kunizungusha kama kuku wa kuuzwa, na baba yangu akaingia shimoni mimi nikisifia ndege. Watu walitupita kwa mbali. Mwanamke mmoja aliuliza kwa Kifaransa kama naumwa, ndugu yangu akajibu ni joto. Yeye aliyapokea matusi yangu yote ameinamisha kichwa. Nilipoishiwa pumzi nikauliza lile lililobaki.

“Na mimi?”

Alielewa. Ukoo mzima ulijua nilivyoondoka. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

“Alikutaja, yaya. Jana jioni. Alisema: ule mutoto yangu wa Poto, nimemupatia radhi. Atembee na roho mweupe.”

Nikahisi machozi yanakuja sasa kwa njia yake. Halafu nikayasikia yale maneno mara ya pili, kichwani mwangu, na baridi ikanishika pale pale juani.

Sijawahi kumwambia mtu hili. Mama mdogo, mama yake ndugu yangu huyu, alifariki hospitalini Kisangani miaka sita kabla. Mwanawe aliondoka kwenda Ulaya mama hataki, na walikuwa hawasemezani. Ni mimi niliyepewa kazi ya kumpasha habari. Nilimpigia kwanza rafiki yake, nikauliza amekula, nikangoja wamzunguke. Alipochukua simu alilia kitu kimoja tu: “Alisema nini juu yangu?” Mama mdogo hakusema kitu. Siku tatu za mwisho hakufungua macho wala mdomo, na nilikuwa nimekaa kando yake mchana na usiku. Lakini yule mtu alikuwa analia, na mimi nimesimama kwenye ngazi za hospitali, lazima nimpe kitu. Nikasema: alikutaja. Alisema, ule mutoto yangu wa Poto, nimemupatia radhi. Atembee na roho mweupe. Niliyatunga mwenyewe, kwa pumzi moja, na nikajivunia yalivyotoka vizuri.

Sasa yalikuwa yamerudi kwangu, hakuna lililopungua.

“Uliyasikia kwa nani?” nilimuuliza.

“Kaka yako ndiyo aliniambia.” Alisema haraka. Kisha akanitazama, na sikuweza kuusoma uso wake kama ni wa mtu anayefariji au wa mtu anayengoja. “Ni sawa na maneno ya mama. Ile siku uliniambia. Unakumbuka?”

“Nakumbuka.”

“Ilikuwa kweli, yaya?”

Maji yalipita chini yetu. Nilijua kwamba nikisema hapana namnyang'anya mama yake, na palepale najinyang'anya baba yangu kwa mkono wangu mwenyewe.

“Kweli kabisa,” nilisema. “Nilikuwa nimekaa pembeni yake.”

Aliitikia kwa kichwa taratibu, akafuta uso kwa kiganja.

“Basi na ya papa ni kweli,” alisema, na akanishika kiwiko tukashuka ngazi kwenda walikokuwa wamekaa watu.

Nimerudi Lubunga sasa mwaka wa pili. Kaka yangu, ambaye ndiye aliyekaa kitandani kwa baba jioni ile, tunaishi ukuta kwa ukuta, na kila asubuhi tunaamkiana uani. Sijamuuliza.