Mpira Mdomoni, Zebaki Kifuani

Moto wa gesi unanguruma juu ya meza. Mama Herufi, kama anavyoitwa karakana nzima, amebana mdomoni ncha ya mpira mwembamba uliounganishwa na mrija wa kioo kipya. Kioo kinalegea, anakikunja, anapuliza kidogo kisijibane kwenye kona. Inatoka S. Mkia wake umeyumba.

"Hii hailipwi," anasema, anaitupa pipani. Hapa mtu hulipwa kwa herufi iliyonyooka. Zamani alitoa kumi kwa siku; sasa sita ni bahati.

Ni fundi wa taa za matangazo, zile zinazoandika majina ya maduka kwa mwanga. Tangu ajifunze kazi ameambiwa kwamba ndani ya taa za buluu mna gesi tu. Tajiri wao, mwenye karakana, huzijaza mwenyewe, kwenye chumba chenye kufuli. Zikiharibika zinarudi kwa Mama Herufi: anakata, anapasha moto, anapuliza. Pumzi ikimwishia, huivuta kupitia mpira uleule.

Na vile vidoa vya kijivu ndani ya kioo? "Masizi ya umeme," tajiri alimjibu. Mikono ilipoanza kutetemeka, jibu lilikuwepo pia: "Uzee huo, mama. Anayetetemeka akapumzike kwake."

Ana miaka arobaini na moja.

Jumamosi iliyopita wifi yake, mwalimu wa fizikia, alifika kuazima taa za kufundishia. Alibeba boksi la viatu lenye ufa mwembamba upande mmoja na kipande cha sidii kuukuu ndani, cha kutenganisha rangi za mwanga.

"Wifi, umeleta viatu au uchawi?"

"Chungulia kwanza. Kaka yangu alioa mdomo huu."

Mama Herufi alichungulia taa nyekundu. Alitarajia wekundu mmoja, kama rangi ya mlango. Akaona mistari iliyoachana, myekundu, ya machungwa, na katikati giza tupu. Alitoa jicho, akalirudisha.

Wifi akaeleza. Umeme unazigonga atomu za gesi, elektroni zake zinarushwa juu. Zikishuka, zinatoa mwanga. "Ila hazikai popote zipendapo. Ni kama ngazi: utakanyaga kidato hiki au kile, katikati husimami. Kila aina ya atomu ina ngazi yake, ndiyo maana ina mistari yake. Haiazimi ya jirani."

Kisha wifi akalielekeza boksi kwenye taa ya buluu, akachungulia. Akatoa mkobani kijitaa cha shule kilichoandikwa zebaki, akakiwasha kando. Mstari wa kijani, wa zambarau, na miwili ya njano iliyosimama kama mapacha. Huku ipo. Kule ipo, palepale.

"Wifi, humu wametia zebaki. Ni sumu. Ukiipasha moto inakuwa mvuke, inaingia kifuani, inashika mishipa ya fahamu, mikono..."

Mama Herufi aliutazama mpira wake. "Mimi nimekuwa nikiinyonya," alisema taratibu. "Kama mtoto na ziwa la mama yake."

Asiniambie mtu kwamba tajiri hakujua. Kwenye chumba chake cha kufuli huingia na barakoa yenye vichujio viwili. Mafundi walikuwa wakicheka kwamba anaogopa harufu yao. Na hawajamsahau fundi wa kabla ya Mama Herufi, aliyeondoka hapa akishindwa kufunga vifungo vya shati lake. Tajiri alisema ni pombe. Mtu yule hakuwahi kuionja.

Wiki hii Mama Herufi amepimwa damu, anasubiri majibu. Anakunja vioo vipya tu. Za buluu zimelala kwenye rafu. Wenzake wote wamechungulia boksi, mmoja mmoja, na aliyetoka hapo hakuwa na utani.

Tajiri anarudi safarini Jumatatu. "Nataka atulipie matibabu, na barakoa kwa kila fundi," anasema Mama Herufi. "Boksi nitaliweka mlangoni, aione mistari kwa jicho lake. Akisema bado ni gesi tu, sitabishana naye."

Anaufuta mpira kwa pindo la aproni.

"Nitamwashia moto, nimkatie taa ya buluu. Yeye aweke mdomo hapa, avute."